Karo ya Chuo Kikuu Nairobi: Maswali ya Wazazi na Watahiniwa kuhusu Shahada za Sanaa na za Sayansi

Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari za Eastlands kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo nimeshika pia dawati la ushauri wa masomo na kazi. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatangazwa, simu yangu haipumziki hadi vijana waripoti vyuoni. Maswali ni yale yale, na wasiwasi ni ule ule. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu ili mzazi wa Kayole au Kariobangi ayasome usiku akiwa ametulia, badala ya kuyasikia nusu nusu kwenye simu akiwa ndani ya matatu.

Mwalimu, barua ya binti yangu inasema karibu laki tatu kwa mwaka, na ya mtoto wa jirani laki moja na nusu. Wote wameitwa chuo kimoja. Mbona hivi?

Kwa sababu mmoja ameitwa sayansi na mwingine sanaa. Lakini kabla hatujafika huko, nikuombe kitu kimoja: usiitazame namba hiyo kana kwamba ndiyo pesa unayodaiwa. Kuna namba tatu ambazo wazazi huzichanganya. Ya kwanza ni gharama ya programu, yaani kiasi ambacho chuo kinasema kinahitaji ili kumsomesha mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Ya pili ni sehemu ya familia, yaani kile kinachobaki baada ya ufadhili wa serikali na mkopo kuondolewa. Ya tatu ni deni ambalo kijana mwenyewe atabeba akimaliza.

Namba inayotisha kwenye barua ni ya kwanza. Inayotoka mfukoni mwako ni ya pili. Ya tatu hakuna anayeiuliza, na ndiyo itakayoishi na mwanao kwa muda mrefu zaidi.

Nasisitiza kwa sababu kuna mama mmoja, muuzaji wa mitumba Gikomba, aliyenijia akiwa tayari amemtafuta mnunuzi wa kiploti chake cha pekee. Alikuwa amejumlisha gharama ya programu kwa miaka yote mitano akaona hana njia nyingine. Tulipoketi tukaipiga hesabu upya, sehemu yake ilikuwa kipande kidogo cha alichodhani. Kiploti bado ni chake. Ninapomkumbuka nawaza ni wangapi waliouza bila kuuliza mtu.

Lakini sisi tulisoma kwa shilingi 16,000 kwa mwaka, udaktari na historia bei moja. Nini kilibadilika?

Ni kweli, na ndiyo maana wazazi waliopitia chuo miaka ya 1990 na 2000 hushtuka kuliko wengine. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeitwa na serikali alilipa karo ya 16,000 bila kujali kozi. Sayansi haikuwa rahisi kuifundisha wakati huo. Tofauti ilikuwepo, ila ilifichwa ndani ya bajeti ya serikali, na mzazi hakuiona.

Walioiona mapema ni wale wa masomo sambamba. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, na hao walitozwa kulingana na kozi. Mwanafunzi wa udaktari wa kujilipia alilipa mara kadhaa ya aliyesoma sanaa, huku wameketi ukumbi mmoja na wenzao wa 16,000. Baadaye serikali ikaanza kuvigawia vyuo fedha kwa kupima gharama ya kila aina ya kozi. Kisha tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya: chuo kisipewe tena mgao wa jumla, bali pesa zimfuate mwanafunzi, kwa ufadhili na kwa mkopo, kulingana na uwezo wa nyumbani kwao. Tangu hapo gharama halisi ya kozi ikaanza kuandikwa wazi.

Ni nini hasa kinachoifanya sayansi kuwa ghali?

Nenda siku moja Chiromo, pale zinapofundishwa sayansi za Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha uvuke uende kampasi kuu. Utapata jibu kwa macho.

Mhadhiri mmoja wa historia au sosholojia anaweza kusimama mbele ya wanafunzi mia tatu akiwa na kipaza sauti tu. Somo litafika, mjadala utaendelea kwenye vikundi, na maktaba itafanya kazi iliyobaki. Mhadhiri wa kemia hawezi kuwaingiza mia tatu maabarani kwa pamoja. Atawagawa makundi, na kipindi kile kile kitarudiwa mara tano au sita kwa wiki. Kila kundi linahitaji fundi wa maabara, kemikali zinazoisha kila zinapotumika, vyombo vya kioo vinavyovunjika, gesi, maji, umeme usiokatika, na mashine zinazoagizwa ng'ambo kwa dola. Shilingi ikidhoofika, maabara huumia kabla ya darasa la falsafa.

Udaktari umepita hapo. Mwanafunzi akifika miaka ya hospitalini, kundi dogo humzunguka daktari mmoja kando ya kitanda cha mgonjwa katika Hospitali ya Kenyatta. Ualimu wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa wingi. Uhandisi nao una karakana, na tiba ya mifugo kule Upper Kabete ina wanyama wanaokula kila siku, likizo au si likizo.

Nisieleweke vibaya, mimi mwenyewe ni mtu wa sanaa. Bei ndogo ya shahada ya sanaa haisemi chochote kuhusu uzito wa masomo hayo. Inasema tu kwamba kitabu na akili ya mhadhiri hugawanyika kwa watu wengi bila kwisha, na kemikali haigawanyiki hivyo.

Shahada ya sanaa ni kuchora na kuimba?

Hapana. Jina hili limewapotosha wazazi wengi. Shahada ya sanaa inaweza kuwa ya historia, isimu, fasihi, falsafa, sosholojia, sayansi ya siasa, saikolojia au uanahabari. Jiografia huweza kufundishwa upande huu au ule kulingana na chuo. Ualimu nao uko wa aina mbili, ualimu wa sanaa na ualimu wa sayansi, na gharama zake hutofautiana. Usome jina kamili la kozi, si neno la kwanza tu.

Bendi ni nini, na ya kwetu itajulikanaje?

Kijana huomba fedha kwenye tovuti ya serikali ya ufadhili wa elimu ya juu. Atajaza habari za wazazi, mapato, idadi ya watoto wanaosoma, mahali mnapoishi, shule alizosoma na karo aliyolipa huko. Kutokana na majibu hayo familia huwekwa katika mojawapo ya bendi tano.

Kwa mpangilio uliotumika kuanzia mwaka 2024, bendi ya kwanza, ya familia zenye uhitaji mkubwa kabisa, hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa 5. Bendi ya pili ni 60, 30 na 10. Ya tatu ni 50, 30 na 20. Ya nne ni 40, 30 na 30. Ya tano ni 30, 30 na 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi ya kila mwaka, kuanzia shilingi 60,000 kwa bendi ya kwanza na kushuka kwa 5,000 hadi 40,000 kwa bendi ya tano.

Ufadhili haurudishwi. Mkopo hurudishwa, na ule wa matumizi pia. Vijana wengi hudhani pesa za matumizi ni zawadi.

Nifanyie hesabu, mwalimu. Mimi si mtu wa asilimia.

Haya, tuchukue namba za mfano tu, rahisi kukokotoa. Tuseme shahada ya sanaa inagharimu 160,000 kwa mwaka na inachukua miaka minne. Shahada ya uhandisi tuseme inagharimu 320,000 na inachukua mitano. Familia iko bendi ya tatu.

Kwa sanaa, sehemu ya familia ni asilimia 20 ya 160,000, yaani 32,000 kwa mwaka, ambayo kwa miaka minne ni 128,000. Mkopo wa karo ni 48,000 kwa mwaka. Ongeza mkopo wa matumizi wa 50,000 kwa mwaka. Akimaliza, kijana anadaiwa 392,000 kabla ya riba.

Kwa uhandisi, sehemu ya familia ni 64,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni 320,000. Mkopo wa karo ni 96,000 kwa mwaka, na ukiongeza ule wa matumizi, deni mwishoni ni 730,000 kabla ya riba.

Umeona kilichotokea? Gharama ya mwaka mmoja ni mara mbili, lakini mzigo wa familia ni mara mbili na nusu, kwa sababu ya ule mwaka wa tano. Mzazi akiuliza ni shilingi ngapi, nami humuuliza ni kwa miaka mingapi.

Familia hiyo hiyo ingekuwa bendi ya kwanza, uhandisi ungewatoa mfukoni 16,000 kwa mwaka. Bendi inaweza kuamua zaidi kuliko kozi, kwa hiyo msiifanyie haraka ile fomu.

Je, karo haikupunguzwa?

Ilipunguzwa. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba karo za shahada katika vyuo vya umma zingeshushwa kwa kati ya asilimia 15 na 40 kulingana na kozi, kuanzia Septemba mwaka huo. Tumia barua ya mwaka wa kijana wako mwenyewe. Barua ya dada yake wa mwaka juzi si kipimo.

Tumewekwa bendi isiyotufaa. Mimi ni mama mboga, na tumepewa bendi ya nne!

Kata rufaa. Nafasi ya rufaa ipo kwenye tovuti ile ile, na usiogope kuitumia. Malalamiko kama yako ndiyo yaliyowafanya wanafunzi waingie barabarani kuandamana mwaka 2024. Ambatisha ushahidi: barua ya chifu, cheti cha kifo ikiwa mzazi mmoja hayupo, karatasi za hospitali ikiwa kuna ugonjwa wa muda mrefu, risiti za karo za ndugu zake.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kijana kujaza fomu peke yake kwenye saiba, kwa haraka, huku foleni ikimsukuma nyuma. Anakisia mapato ya mama yake. Anaandika mauzo ya siku kana kwamba ndiyo faida. Mama anayeuza mboga za 3,000 baada ya kununua za 2,500 Marikiti amepata 500, tena kabla ya nauli na kodi ya kibanda. Keti naye ujaze pamoja naye.

Kuhusu mahakama, maana naulizwa pia: tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba, katika kesi iliyoletwa na Kenya Human Rights Commission na wenzao. Mahakama ya Rufaa baadaye ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na mfumo ukaendelea kutumika.

Shahada huchukua miaka mingapi?

Nyingi za sanaa, ualimu, biashara na sayansi za kawaida ni minne. Uhandisi, famasia, tiba ya meno na tiba ya mifugo ni mitano. Udaktari ni sita, kisha mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Sheria ni minne, lakini wakili mtarajiwa lazima apitie pia Kenya School of Law kule Karen na miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili. Karo hiyo ya ziada wengi huisahau wanaposema sheria ni rahisi.

Mbali na karo, kuna nini kingine cha kulipia?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, maana fomu ya bendi haiyaoni haya.

Kwa upande wa sayansi: koti jeupe la maabara, kikokotoo cha kisayansi, vifaa vya kupasulia, seti ya kuchorea kwa wahandisi. Wanaosomea usanifu wa majengo hununua karatasi ngumu, gundi na visu vya kutengenezea mifano ya nyumba, na hununua tena na tena kila muhula. Wa jiolojia huenda safari za uwandani. Mwanafunzi wa udaktari ana vitabu vizito na mavazi ya wodini, na kwa kuwa ratiba yake imejaa kutwa nzima, hana nafasi ya kibarua.

Wa sanaa ana gharama pia, ila za namna nyingine. Atapiga kopi za sura za vitabu kila wiki. Atahitaji kompyuta ya kuandikia insha ndefu, na simu haitamfaa kwa tasnifu ya mwaka wa nne. Lakini saa zake za darasa ni chache, na nimewaona wengi wakifundisha watoto wa mtaani jioni au kuhariri kazi za watu na kujilipia chakula. Faida hii haiandikwi popote, na kwa familia isiyo na kitu ni kubwa.

Wote wawili watalala mahali. Chumba cha bweni la chuo ni nafuu kuliko chochote nje, ila hakitoshi kila mtu. Aombe siku ile ile tovuti ya vyumba inapofunguliwa. Akikosa, wa kampasi kuu huangukia Ngara, wa Kenyatta University huenda Kahawa Wendani, na huko hukodi bedsita wawili au watatu. Kama mnakaa Umoja au Buruburu, msikimbilie kukodi. Nauli ya kila siku huwa chini ya kodi, ingawa mwanafunzi wa maabara anayetoka saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha atafika nyumbani usiku. Kwa msichana hilo lifikiriwe kwa makini.

Mkopo wa HELB hurudishwa lini?

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza wanafunzi wa shahada riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kijana ambaye hajapata kazi asijifiche. Aiandikie bodi mapema wapange namna ya kulipa, kwa sababu faini za kuchelewa hulimbikizana kimya kimya.

Vyuo vya kibinafsi je?

Chini ya mfumo wa 2023, anayekwenda chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini hapati ufadhili wa serikali. Pengo analobaki nalo mzazi ni kubwa. Hesabu mara mbili.

Anaweza kuanza sanaa kisha ahamie sayansi?

Anaweza kuomba, mradi alama zake za klasta, yaani za masomo ambayo kozi inayahitaji, zifikie kiwango cha kozi anayoitaka kwa mwaka aliofanya mtihani. Asiyefanya fizikia na kemia vizuri hatafunguliwa mlango wa uhandisi hata akilipa. Dirisha la kuhama ni fupi, mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Na akihama, gharama ya programu inabadilika na sehemu yenu inabadilika nayo, kwa hiyo afuatilie mpaka aone namba mpya kwa maandishi.

Ni bora zaidi kurekebisha machaguo mapema, KUCCPS, shirika linalowapangia vijana vyuo na kozi, inapofungua tovuti kabla ya kuwapanga.

Niambie ukweli: sanaa ina kazi?

Swali hili huniuma, kwa sababu nyuma yake mara nyingi kuna kijana amesimama kimya huku mzazi akiuliza.

Ukweli ni kwamba walimu wa masomo ya sanaa wako wengi wanaosubiri kuajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za umma, na walimu wa hisabati na fizikia husakwa zaidi. Sitaficha hilo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba sayansi ghali si hundi ya mshahara. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na kiini chake kilikuwa madaktari wanagenzi: kijana amesoma miaka sita, anasubiri kupangiwa hospitali, na serikali inataka kumlipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 zilizokubaliwa mwaka 2017. Hao ndio waliokuwa na alama za juu kuliko wote katika shule zao.

Kwa hiyo mimi siulizi kama sanaa ina kazi au haina. Namuuliza kijana: ukiachwa Jumamosi bila kazi ya shule, unafanya nini? Anayefungua redio mbovu aende uhandisi hata kama ni wa mkopo. Anayeandika, anayebishana, anayesimamia mambo ya vijana kanisani au msikitini, mpeleke sanaa, lakini aongeze ujuzi wa kushika mkononi kabla ya mwaka wa nne: takwimu, tafsiri, uhariri wa video, lugha nyingine. Shahada ya sanaa humwachia saa za kufanya hivyo. Asipozitumia, ndipo inapokuwa hasara.

Ninachokataa ni kumsukuma mtoto kwenye sayansi asiyoiweza kwa ajili ya sifa za ukoo. Akirudia mwaka, hesabu yote niliyowafanyia hapo juu inavurugika.

Mdogo wake yuko Gredi ya 10 ya mtaala mpya, CBE. Haya yanamhusu?

Yanamhusu tayari. Mkondo aliochagua, wa sayansi na teknolojia, wa masomo ya jamii au wa sanaa na michezo, unaelekea aina fulani ya shahada. Kundi lake, lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, linatarajiwa kufika vyuoni 2029. Anza kuweka akiba kidogo kidogo sasa.

Siku ya kuripoti imefika na pesa hazijatimia. Abaki nyumbani?

Asibaki. Aende ajisajili. Nimeona wengi wakipoteza nafasi kwa aibu tu. Akifika, aonane na ofisi ya fedha na ya mkuu wa wanafunzi, aeleze ufadhili au mkopo bado haujaingia, na aombe kulipa sehemu ya familia kwa awamu. Ajue kwamba bila kukamilisha malipo huenda akanyimwa kibali cha mtihani mwishoni mwa muhula, kwa hiyo makubaliano hayo yawe kwenye karatasi.

Wakati huo huo wewe mzazi peleka fomu za basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, na za kaunti. Huwa na tarehe za mwisho zinazopita bila tangazo kubwa, na kamati hutaka barua ya kuitwa chuoni, muundo wa karo wenye muhuri, kitambulisho chako na nambari ya akaunti ya chuo. Kama mambo ni mabaya kabisa, aombe kuahirisha masomo kwa barua rasmi ili nafasi yake ihifadhiwe. Anayetoweka bila barua huandikwa kuwa ameacha chuo. Nakala ya barua hiyo, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, akuletee wewe uiweke nyumbani pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.